Nilimsomea mwenzangu majibu ya kifua kikuu kinyume, akaenda kumbeba mtoto wake (Masisi na Walikale, miaka ya sitini)

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Lakini juzi mwenzetu mmoja aliandika kwamba zamani kifua kikuu kiliwamaliza maskini kwa sababu maskini walikuwa wajinga. Watu wengi wakamuunga mkono. Nimekaa na hiyo sentensi siku tatu, imekataa kushuka kooni.

Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, na sehemu mbaya kuliko zote niliifanya mwenyewe, kwa mdomo wangu. Sina sababu ya kuyapamba. Nimebadilisha majina tu, na kituo cha kazi sikitaji.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Barabara za kwetu zilikuwa zimeanza kupitika tena baada ya fujo za miaka ya nyuma, na kijana mwenye miguu mizima aliweza kwenda popote.

Asubuhi moja nilimsaidia mama kubeba mihogo hadi kijitoni kuiloweka. Kwetu ni kwenye vilima vya Masisi. Nilipoinua kichwa nikaona ukungu umeondoka bondeni na njia inaonekana hadi mbali kabisa. Nikaifuata.

Sikuwa nimegombana na mtu. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na shati moja na kisu.

Mama aliniita mara mbili, halafu akacheka. "Utarudia wakati njaa itakushika," akasema, akaendelea na mihogo yake. Alikuwa ameshanizoea.

Shule niliiacha mwaka wa nne. Akili haikukosekana, ila nilichoka kukaa kwenye benchi wakati vitu vyote vya kuulizwa viko nje. Nilitoka na Kifaransa kidogo, cha kutosha kusoma kibao cha barabarani na kujidai mbele ya watu wasiosoma kabisa. Kumbukeni hicho Kifaransa kidogo, ndicho kilicholeta balaa.

Jioni nilifika kwenye shamba kubwa la kinkina. Kwa wasiojua, kinkina ni mti ambao ganda lake hutengenezwa dawa ya malaria. Kuzunguka shamba hilo palikuwa pameota kama mji mdogo: soko, gereji, baa mbili, kanisa, dispensere, na watu kutoka kila upande. Kazi niliipata siku iliyofuata.

Kazi yenyewe ni hivi. Unakata matawi, unayapiga kwa nyundo ya mti hadi ganda lilegee, unalivua kama unavyovua soksi, unalianika. Vidole vinageuka rangi ya kutu na kila unachokula kinakuwa kichungu. Wiki ya kwanza nilidhani maharage yao yameoza.

Sasa sikilizeni jinsi watu walivyokaa, maana uzi wote uko hapo.

Upande wa juu, karibu na ofisi, waliishi makarani. Nyumba za matofali, familia moja kwa nyumba moja, madirisha manne yenye vioo, na ua. Watu hao walikuwa na livre, yaani kitabu cha mkataba. Jina lako likiwa kwenye livre, wewe ni mtu wa kampuni.

Upande wa chini, nyuma ya mtambo wa kukausha maganda, tuliishi sisi tuliolipwa kwa siku. Watu walituita bajurnalie. Chumba chetu kilikuwa cha udongo, kirefu, mlango mmoja, dirisha hakuna. Tulilala watu kumi na sita. Masisi ni baridi, wakuu, baridi ya kuuma masikio. Kwa hiyo jioni moto uliwashwa ndani, mlango ukafungwa, na kila tundu likazibwa kwa majani ya migomba.

Tulilipenda lile joto. Nasema ukweli, tulilipenda.

Aliyenipokea mle chumbani aliitwa Kubuya. Mhunde wa vilima vya karibu na kwetu, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mabega mapana, mdomo haufungwi. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa. Yeye aliniita Mwalimu, kwa dhihaka, tangu siku aliponiona nasoma gazeti lililofungia sabuni.

"Mwalimu, soma tena pale wanasema bei ya sabuni," alikuwa akisema. "Soma na sauti ya Muzungu."

Na mimi nasoma, na chumba kizima kinacheka.

Kubuya alikohoa. Alikuwa amekohoa tangu mvua za kwanza, na mwili ulikuwa unapungua ndani ya shati. Wenzetu hawakuwa watu wabaya wala wapumbavu. Walijua kikohozi cha muda mrefu si kitu cha kuchezea. Kwa hiyo walimpa kopo lake peke yake, la bati, lenye alama ya msumari, na sahani yake, na hakuna aliyemegea naye ugali. Wakishafanya hivyo, tulifunga mlango, tukalala naye bega kwa bega, pua kwa pua, hadi asubuhi.

Tulidhani tumejikinga.

Mke wake, Mama Furaha, Furaha likiwa jina lake mwenyewe, alikuwa kwao Kashebere, mpakani na Walikale. Alikwenda huko kujifungua. Habari ilikuja na mchuuzi wa chumvi kwamba mtoto amezaliwa, wa kiume, wanamngoja baba aje kumpa jina.

Kubuya hakwenda.

Nilimuuliza siku hiyo tukiwa tunapiga maganda. "Yaya, juu ya nini hauendi kuona mutoto?"

Alipiga tawi lake kwanza, akalivua lote. "Siwezi kupeleka hii kintu kule," akasema, akigonga kifua. "Kwanza nijue njo nini. Nikijua iko kikohozi ya bure, naenda siku ile ile. Kama iko ile ingine, mutoto atakaa bila kuniona. Asinione tu."

Hapo ndipo mjue mtu niliyekuwa naye. Aliyeitwa mjinga kwenye uzi wa juzi ni huyo.

Akaamua kwenda dispensere ya kampuni. Ilibidi aache kazi siku nzima, na kwetu sisi, ukikosa siku moja katikati ya juma, posho ya Jumamosi ya unga na maharage ulikuwa huipati. Tukakubaliana tutachangia chakula chumbani.

Siku hiyo hiyo alikwenda pia karani mmoja wa ofisi ya mizani, tumwite Monsieur Albert. Naye alikohoa, tena damu. Wakakaa benchi moja, wakatema kwenye vikebe vinavyofanana. Kubuya alirudi akitamba.

"Leo nimetema sawa na karani. Kikebe kimoja, marke moja. Hata mate imepanda grade."

Majibu yalitoka baada ya siku chache, na hapo njia zikaachana.

Ya Monsieur Albert, infirmier, yaani muuguzi wetu, aliyapeleka mwenyewe nyumbani kwake. Akakaa, akanywa chai, akaeleza mwanzo hadi mwisho. Niliyajua hayo baadaye.

Ya Kubuya yalitolewa dirishani. Karatasi iliyokunjwa mara mbili. Nyuma yake kulikuwa na foleni, na aliyetoa alisema neno moja, "Lundi," yaani urudi Jumatatu, akaita jina la mwingine.

Kubuya aliniletea karatasi ile kama mtu aliyebeba yai. Watu wote mle chumbani wakasogea. Nikaifungua.

Kulikuwa na jina lake, herufi mbili nisizozijua, B.K., halafu neno *positif*, na mbele yake alama tatu za kujumlisha: +++.

Wakuu, mwalimu wetu wa shule alikuwa anatusahihisha kwa kalamu nyekundu. Ukikosa, unawekewa mstari mmoja wa kulala. Ukipata, unawekewa msalaba mdogo, plus. Ukifanya vizuri sana, plus mbili. Plus tatu nilizipata mara moja tu maishani, kwenye somo la kuimba, na mama alimwonyesha kila mtu lile daftari.

Na hilo *positif* nalo, sikulijua, lakini lilikaa mdomoni kama neno zuri. Nikasafisha koo.

"Yaya," nikasema, "umepita. Tena umepita sana. Wanakupa plus tatu."

"Inasema vile?"

"Njo hii hapa. Hesabu mwenyewe."

Alihesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Halafu akakaa chini juu ya mkeka na kufunika uso.

Tulinunua kasiksi, pombe ya ndizi. Mzee mmoja mle chumbani, Bauma, aliyekuwa anakohoa kuliko Kubuya lakini hajawahi kwenda kupimwa, alifurahi mno. "Kama Kubuya iko muzima na ile kikohozi yote," akasema, "basi miye niko kijana." Wakamrudishia Kubuya kopo la pamoja. Lile la msumari likatupwa.

Kesho yake alfajiri akafunga kitambaa chake, akashika njia ya Kashebere. Jumatatu hakurudi dispensere. Kwa nini arudi? Nilishamwambia amepita.

Siku nne zilipita.

Siku ya tano msimamizi alituita wawili tukapakie mizigo ya Monsieur Albert. Gari la kampuni lilikuwa limesimama mbele ya nyumba yake, injini inanguruma. Anakwenda sanatoriamu, yaani hospitali ya kukaa miezi, mji mkubwa upande wa ziwa. Godoro, sanduku, blanketi mbili mpya, redio. Kazi yake inamngoja. Mke na watoto wanabaki kwenye nyumba ile ile, na wamepangiwa maziwa.

Sikuwa namwonea wivu. Alikuwa mtu wa heshima, amekonda, anatembea kama anayebeba maji. Lakini mimi siwezi kuona kitu nisiulize. Nikamuuliza anaumwa nini.

"Tébé," akasema. "Ile ya mapafu. Walinikuta na plus mbili."

Nikacheka, wakuu. Nilidhani ananitania. "Mbili tu, Papa? Mwenzetu Kubuya alipata tatu, na hakusoma."

Yeye hakucheka. Aliweka mkono kwenye mlango wa gari.

"Nani alimusomea?"

"Njo miye."

"Na ukamuambia nini?"

Nikamwambia.

Monsieur Albert aliuachia mlango, akanigeukia. "Wewe kijana," akasema polepole, "plus iko hesabu ya vidudu. Plus moja, vidudu kidogo. Plus tatu, vimejaa. Ule muntu yako iko mugonjwa kunipita. Iko wapi sasa?"

Niliona tu mtoto wa Kashebere, juu ya kifua cha baba yake, anapigwa busu.

Mwenye plus mbili alipanda gari na blanketi mbili. Mwenye plus tatu alikuwa ameshuka kwa mguu. Hiyo picha sijawahi kuitafutia maneno mengine.

Nilikimbia hadi kwa infirmier. Hakuwa mtu mbaya. Alifungua daftari lake, akaweka kidole kwenye jina la Kubuya, akapumua.

"Nilimungojea Lundi. Hakukuya."

"Nikienda kumuleta, utamupa dawa?"

Akafunga daftari. "Streptomisini yangu inahesabiwa na majina ya livre. Yeye iko jurnalie. Naweza kumupima, siwezi kumutunza. Ile Lundi nilitaka kumuambia aende kwa masista."

Masista walikuwa na kituo kwenye barabara ya Walikale, mbele ya Kashebere, chini kwenye joto. Wao, akasema, wanamdunga kila mtu, mwenye livre na asiye nayo. Lakini wana sharti moja. Sindano ni kila asubuhi kwa miezi, halafu vidonge zaidi ya mwaka. Vitanda vimejaa. Kwa hiyo hawamwanzii dawa mtu yeyote asiye na mahali pa kulala karibu, kwa sababu wanaotoka mbali huacha katikati, na wakiacha katikati ugonjwa unarudi mgumu kuliko mwanzo.

"Mutafutie nyumba kwanza," infirmier akasema. "Bila nyumba, hapana dawa."

Sikurudi chumbani hata kuchukua kisu changu. Nilikwenda.

Nililala njiani mara moja. Kashebere nilifika mchana wa siku ya pili, miguu imevimba. Ni kijiji cha barabarani, watu wanapitisha chumvi, mafuta, maharage, kila mtu anajua nyumba ya kila mtu. Nikaelekezwa.

Kubuya alikuwa amekaa mlangoni juani. Mtoto alikuwa mapajani mwake.

"Mwalimu," akapiga kelele ya furaha, "kuya uone plus yangu ya ine."

Nilikaa chini mbele yake na kumwambia yote bila kuzunguka. Kwamba sikujua kusoma. Kwamba plus ni vidudu. Kwamba Albert ana mbili na ameshapelekwa na gari.

Nilitegemea anipige. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa.

Alimwinua mtoto, mikono imenyooka mbele, kama mtu anayetoa sufuria ya moto jikoni, akaita, "Mama Furaha, shika huyu. Shika sasa." Mtoto alipochukuliwa, yeye akasimama, akatembea hadi ng'ambo ya barabara na kukaa huko peke yake.

Mama Furaha alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu. Alinitazama kutoka juu hadi chini. "Weye njo ule wanaita Mwalimu?"

"Njo miye, Mama."

"Kama ungesema 'sijui', ingekuuma wapi?"

Tuliondoka asubuhi iliyofuata, wote. Kubuya mbele, sisi nyuma hatua kama thelathini, yeye ndiye aliyetaka hivyo. Mtoto mgongoni mwa mama. Kila tukipumzika, Kubuya alihakikisha upepo unatoka kwetu kwenda kwake. Hakuna aliyemfundisha.

Njia inashuka. Unaacha baridi, unaacha maharage, unaingia kwenye michikichi na msitu, hewa inakuwa nzito kama nguo mbichi. Kubuya alikuwa anasimama kila baada ya kilima kidogo. Mara moja alisimama muda mrefu nikadhani haendelei.

"Nenda tu," akasema kutoka kule mbali. "Nahesabu vidudu."

Masista tuliwafikia saa sita ya siku ya pili. Sista mwenye zamu alikuwa mrefu, anaongea Kiswahili cha haraka. Alisoma karatasi, akamsikiliza Kubuya mgongoni, akampima mtoto, akampima mama, akanitemesha na mimi. Siku yangu ya majibu nilipoambiwa *négatif* niliinamisha kichwa kama mtu aliyefeli, akacheka mpaka akashika meza. Lakini hiyo ilikuwa baadaye.

Siku ile alisema maneno machache. "Mutoto iko muzuri sasa, nitamuchunga. Baba, dawa iko. Unalala wapi?"

"Tutapata," nikasema.

"Mukipata, mukuye. Kama hamupate, simuanzie."

Tukaenda kutafuta.

Nyumba ya kwanza walitupokea vizuri, wakatoa viti. Kubuya akakohoa. Wakakumbuka kwamba kuna mgeni anakuja. Nyumba ya pili walisikia kikohozi kabla ya hodi. Ya tatu mwenye nyumba aliuliza kama tuna livre ya kampuni gani, maana wenye livre kampuni huwalipia nyumba. Ya nne sikumbuki. Watu wale nao siwalaumu, walikuwa na watoto ndani.

Kwenye nyumba ya tano nilikuwa nimeamua kudanganya. Nilimnong'oneza Kubuya azuie kikohozi mpaka nimalize kuongea, nitasema ni malaria.

Mama Furaha alinisikia. "Umeshasema uongo moja bila kujua," akasema. "Sasa unataka kusema ingine na kujua?"

Nikasema ukweli, na mlango ukafungwa.

Ya mwisho, mwisho kabisa wa kijiji, ilikuwa ya mjane aliyekamua mawese na kuyauza barabarani, tumwite Mama Rozalia. Mwanamke mkubwa, mikono ya mafuta, sigara ya majani mdomoni. Alikuwa na nyumba ya udongo iliyofungwa kwa kufuli, na pembeni banda refu la mapipa, paa la majani, kuta za mianzi zinazofika kifuani tu.

Nikamwambia ukweli wote. Nikamwonyesha karatasi.

Hakujua kusoma. Alishika karatasi kwa ncha za vidole asiichafue, akaitazama. "Misalaba tatu," akasema. "Wamemuchimbia na kaburi?"

"Hapana, Mama. Iko hesabu ya ugonjwa. Dawa iko kwa masista, lakini wanataka mugonjwa akuwe na fasi ya kulala."

"Na nyumba zote zimekukatala."

"Zote."

Akatazama ile nyumba yake ya kufuli. "Mule ndani mume wangu alikufa na kikohozi. Alitoka nayo ku kambi ya mine, kule wanachimba mawe. Kisha dada yangu, ule alikuwa anamuchunga mule mule. Kisha mutoto wa dada. Batu wanasema nyumba imerogwa. Miye sijue. Lakini niliona kitu moja: mama yangu, alikuwa anamupikia, anamuogesha, anakula naye mu sahani moja, lakini alikuwa analala hapa inje na mapipa, sababu hapendi moshi. Yeye hakukufa. Nikafunga ile nyumba. Hata miye nalala hapa."

Kubuya alisema kutoka barabarani, "Mama, nitatafuta kopo yangu. Sitagusa yenu."

"Kopo iko na kosa gani?" Mama Rozalia akauliza. "Kula tutakula pamoja. Kulala njo utalala kule mwisho, fasi upepo inatokea. Bibi yako na mutoto huku, fasi inaingilia. Mvua ikinyesha, utalowa kidogo. Unakubali?"

"Nakubali."

"Na hii kijana ya karatasi?"

Mama Furaha akajibu kabla yangu. "Ile itabeba mawese."

Nikabeba mawese. Madebe mawili siku hiyo hiyo, kabla ya kupewa maji ya kunywa. Jioni, jua likiwa bado liko, Mama Rozalia alitandika majani makavu ya migomba kwenye ncha ya mbali ya banda, Kubuya akalala, na upepo wa msituni ukapita juu yake ukatoka. Asubuhi tulimwambia sista: analala kwa Mama Rozalia. Akachemsha sindano.

Najua mtauliza, basi nawajibu. Alimaliza sindano zote, na vidonge vyote. Alibaki na pumzi fupi maisha yake yote, lakini alizeeka, na yule mtoto alikuja kuwa dereva wa malori. Monsieur Albert naye alipona, nilimwona tena, mnene, tukasalimiana vizuri.

Mzee Bauma alifia mle chumbani kabla mwaka haujaisha. Na mwingine, mtu wa kabila la Wanyanga kutoka Ntoto, aliyelala upande wangu wa kushoto. Hakuna hata mmoja wao aliyepata karatasi, wala ya kusomwa vibaya. Nilirudi kuwaambia. Nilipofika, Bauma alikuwa ameshazikwa, na pale alipolala kulikuwa na mtu mpya.

Nilichojifunza, na nakisema bila kusitasita:

Vidudu vilikuwa vile vile kwa karani na kwa jurnalie. Dawa ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa dirisha, kitabu cha mkataba, na mtu wa kukaa chini na kunywa chai akikueleza majibu yako. Ujinga ulikuwepo, ndiyo, na mkubwa kuliko wote ulikuwa wangu. Lakini ujinga huo nao uligawiwa. Wenye matofali waliletewa maelezo mlangoni, sisi tulipewa karatasi dirishani na foleni nyuma.

Na pili, kwa vijana wa kujidai kama mimi wa zamani: usipojua neno, sema hujui. Haiumi popote. Niliuziwa hilo somo na mwanamke wa Kashebere, nanyi nawapa bure.

Sasa nawaachia uwanja. Humu ndani najua mko waganga, wauguzi, watu wa maabara, na ninyi mnaokaa vyumba vya kupanga mjini, watu sita dirisha moja. Nawauliza nyie wa kliniki hasa: mgonjwa wa kikohozi akija leo, mnamuuliza jina, umri, simu. Je, mnamuuliza analala wapi, na wangapi, na kama kuna upepo?

Na wewe uliyeandika ule uzi wa juzi, sina ugomvi nawe. Karibu ujibu. Mimi nipo, nasoma kila kitu, na safari hii nasoma polepole.